Njiwa mwenye miguu ya kuku: namna ya kumtambua njiwa wa milimani akitua Dodoma

Aliyemwona kwanza hakuwa mimi. Alikuwa mtoto wa miaka kama kumi, manati shingoni, anachunga mbuzi kwenye korongo moja upande wa Ihumwa, siku ambayo tulikuwa tunatafuta bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, zilizong'olewa na mtu tusiyemjua. Akamwambia msaidizi wangu, "Kaka, pale kwenye mkuyu kuna njiwa ana miguu ya kuku." Msaidizi akacheka. Mimi niliiacha mashine ya kupimia imesimama juani kwenye miguu yake mitatu, jambo ambalo mpima ardhi hatakiwi kulifanya, nikakimbilia darubini garini. Kuku wengi wa kienyeji wa huku wana miguu ya njano. Na ukimwacha ninga, ambaye ukijani wake unajitangaza wenyewe, njiwa mkubwa wa Dodoma mwenye miguu ya njano hayupo.

Viwanja vya mji huu nimevipima kuanzia Nala hadi Mtumba, na kazi yenyewe inamzoeza mtu kutoliamini jicho lake mpaka apime mara ya pili. Vijana walioanza kutazama ndege huniuliza wafanye nini wakikutana na ndege ambaye kitabu kinasema hakai hapa. Nitaeleza kwa kumtumia njiwa huyu mmoja, kwa sababu ndiye aliyewahi kuniaibisha.

Kwao ni wapi, na huku anafuata nini

Njiwa wa milimani kwa jina la kitaalamu anaitwa Columba arquatrix. Ni njiwa wa misitu ya milimani, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, kwa kawaida kwenye mita 1,400 hivi kwenda juu. Kwetu utamkuta Kilimanjaro, Meru, nyanda za juu za Ngorongoro, Usambara, Uluguru, Ukaguru na Udzungwa. Chakula chake ni matunda madogo ya miti: mizeituni mwitu, mipodo, mikuyu na jamaa zake. Matunda yakiisha upande mmoja anahamia mwingine, na hana shida kuvuka bonde pana asubuhi kwenda kula, jioni akarudi kulala. Huko Afrika Kusini amezoea hata kuingia kwenye bustani za watu akifuata miti ya kigeni iliyozaa.

Sasa njoo Dodoma. Mji uko kwenye mita 1,120 hivi, kwa hiyo kimo peke yake si kikwazo kikubwa. Kikwazo ni ukame. Mvua ya mwaka wa kawaida haifiki milimita 600, karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili, na vichaka vyetu vya miiba havina cha kumlisha ndege aliyezoea msitu wa ukungu. Lakini weka rula kwenye ramani. Kutoka Ihumwa hadi misitu ya Ukaguru ni kilomita mia na kitu, na njiani kuna milima ya Mpwapwa ya kupumzikia. Kwa njiwa mwenye mabawa kama yale hiyo ni safari ya asubuhi moja. Na makorongo yetu, hata yakauke vipi, yana mikuyu. Mkuyu hausubiri msimu: huu unaiva Julai, ule wa jirani unaiva Oktoba.

Kwa hiyo ukitaka kumtafuta usizunguke porini ukichomwa na miiba. Tafuta mkuyu ulioiva. Utaujua kwa kelele za ndege kabla hujauona, na kwa harufu ya matunda yanayochachuka chini. Kaa mbali kidogo, na jua liwe mgongoni kwako.

Anza na njiwa madoa, umalizane naye

Miaka kadhaa iliyopita niliona njiwa juu ya tangi la maji la jengo moja mjini, saa kumi na mbili kasoro jioni, mwezi wa nane. Alikuwa mkubwa, mweusi-mweusi, ana madoa meupe mabawani, na kuzunguka jicho palikuwa njano kabisa. Sikungoja. Nikapiga picha kwa simu, nikawapigia watu wawili, na mmoja akapanda basi alfajiri kutoka Morogoro. Saa mbili asubuhi tulikuwa chini ya tangi lile lile, njiwa yule yule yuko juu, na ngozi ya jicho lake ni nyekundu kama pilipili iliyoiva. Miguu nayo ya waridi. Njiwa madoa wa kawaida, ambaye ukirusha jiwe popote Dodoma unamkosa mmoja na kumpata mwingine. Yule bwana hakunigombeza. Nilimlipia nyama choma na chupa mbili za soda, akarudi zake na basi la mchana.

Kilichonidanganya kilikuwa jua la jioni. Mwezi wa nane hewa ya Dodoma imejaa vumbi, na jua likishuka linapaka kila kitu dhahabu: ukuta, ng'ombe, uso wa mwenzako. Tangu siku hiyo, rangi yoyote niliyoiona baada ya saa kumi na moja jioni naiandika lakini siihesabu.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Nilianza na jibu, kisha nikatafuta ushahidi wa kulibeba. Inatakiwa kinyume chake. Kila njiwa mkubwa mwenye madoa anayetua Dodoma ni njiwa madoa mpaka yeye mwenyewe akukatalie. Kwa hiyo mjue huyo kwanza, umjue kama unavyomjua kuku wa nyumbani kwako. Yuko kwenye kila jabali na kila paa. Mgongo na sehemu ya juu ya mabawa ni rangi ya tofali la kuchoma, na juu yake madoa meupe yenye umbo la pembetatu. Tumbo na kifua ni kijivu kisicho na doa, ila shingoni ana michirizi. Mdomo mweusi, na pale juu kwenye pua pana kijiuvimbe cheupe. Kuzunguka jicho ngozi nyekundu, miguu ya wekundu wa waridi. Akiruka, kiuno chake ni kijivu cheupe kinachoonekana kutoka mbali, na mkia una mkanda mweusi mwishoni.

Mtazame asubuhi, mchana na jioni. Mtazame amelowa mvua ya Januari, mtazame akiwa na vumbi la Septemba. Nilimaliza miezi miwili nikimtazama huyo tu kutoka dirishani ofisini, na wenzangu wakadhani nimechoka kazi.

Usitegemee ukubwa. Vitabu humpa njiwa wa milimani sentimita arobaini hivi, na njiwa madoa anakaribia kulingana naye. Tofauti ya sentimita mbili tatu kwenye mti ulio mita hamsini haipimiki hata kwa mashine yangu, sembuse kwa jicho. Anayekuambia "nilimjua kwa sababu alikuwa mkubwa" amekuambia kwamba hakumwona vizuri.

Sehemu tatu zisizo na manyoya

Manyoya yanadanganya. Yanachakaa, yanapauka, yanashika vumbi, yananyonyoka nusu. Ngozi tupu ina ukweli zaidi, na njiwa ana sehemu tatu za ngozi tupu za kuangalia: mdomo, eneo la kuzunguka jicho, na miguu. Kwa njiwa wa milimani aliyekomaa zote tatu ni njano, njano ya limau. Moja haitoshi. Mdomo wa njano peke yake unaweza kuwa utomvu wa tunda, jicho la njano peke yake linaweza kuwa jua. Zikikubaliana tatu, tena jua likiwa juu, hapo una kitu mkononi.

Siku ile ya mkuyu, mdomo na jicho niliviona ndani ya dakika mbili. Miguu ilinichukua dakika ishirini. Anapokula, njiwa huyu anajipenyeza kwenye vitawi vya nje huku akipigapiga mabawa kutafuta mizani, na majani mapana ya mkuyu yanamfunika kuanzia tumboni kwenda chini. Yule mtoto aliiona miguu kabla yetu kwa sababu alikuwa amekaa chini kabisa ya mti, anatazama juu. Ikibidi, fanya kama yeye, ila tazama unapokanyaga. Chini ya mkuyu ulioiva panateleza kama sabuni.

Ukishamalizana na ngozi, rudi kwenye mwili. Sifa ninayoitegemea kuliko nyingine zote ni madoa ya kifuani. Njiwa madoa anayo mabawani tu. Njiwa wa milimani anayo mabegani na tena kifuani hadi tumboni, meupe, mengi, kama mtu aliyerushiwa chokaa kwa brashi. Chini ya madoa hayo rangi ni ya zambarau iliyoelekea wekundu mzito. Sisi wa Dodoma tuna mfano wa karibu: chukua kichala cha zabibu nyekundu kilichoiva, ambacho bado kina ule unga mweupe wa juu usiofutwa. Ndiyo rangi hiyo. Uso nao una zambarau, lakini utosi na kisogo ni kijivu cheupe, utadhani amevaa baraghashia. Mkia ni mweusi mweusi, hauna mkanda.

Akiruka, mtazame kiuno na mkia kabla hajapotea. Kwa chini utaona ndege mweusi mtupu, mwenye nguvu, anayepita juu na kwa haraka. Pasipo weupe kiunoni na pasipo mkanda mkiani, moyo una haki ya kwenda mbio.

Sauti usiipe kazi kubwa. Njiwa madoa analia kwa mfululizo mrefu unaopanda na kushuka, unaousikia kila siku darini. Huyu wa milimani sauti yake ni nzito, ya chini, inaanza kwa kutetemeka kama mtu anayekoroma, na ndege aliye ugenini mara nyingi hasemi kitu. Wangu alinyamaza muda wote.

Mtego mmoja wengi hawauwazi, nao ni makinda. Kinda wa njiwa madoa bado hana ule wekundu kuzunguka jicho. Ngozi yake ni ya kijivu-kahawia. Kwa hiyo kusema "sikuona wekundu" si sawa na kusema "niliona njano." Kinda wa njiwa wa milimani naye ni wa kahawia zaidi, na njano yake imefifia. Ndege mwenye ngozi isiyoeleweka rangi, ambaye kifua hukukiona, mwandike "njiwa mkubwa, hakutambuliwa" ulale usingizi wako. Daftari langu lina wengi wa hao.

Wengine wanaoweza kukuchanganya ni wepesi. Ninga watakuwa kwenye mkuyu huo huo, na dhidi ya mwanga wote ni weusi. Subiri mmoja ageuke, utaona kijani na ile suruali yake ya njano mapajani. Hua na tetere ni wadogo, na wale wakubwa wao wana kola nyeusi kisogoni. Njiwa manga wa mjini huja kwa kila rangi, na huweza kuzaana na njiwa madoa, kwa hiyo ukiona ndege asiyefanana na picha yoyote mfikirie chotara kwanza. Misituni kuna jamaa mwingine, Columba delegorguei. Huyo ni mdogo zaidi, dume lake lina nusu kola nyeupe nyuma ya shingo, na mdomo wake si wa njano.

Andika kabla ya kufungua kitabu

Sheria yangu ni kwamba kitabu kinabaki garini. Ukifungua picha kabla ya kuandika, kuanzia hapo unaikumbuka picha, ndege umeshamsahau. Kaa chini, andika saa, umbali, jua liko upande gani, kisha mwili kuanzia mdomoni hadi mkiani, pamoja na yale ambayo hukuyaona. Umbali upime kwa hatua baada ya ndege kuondoka. Hatua yangu ni sentimita 75, yako ipime nyumbani kwa futi kamba. Darubini ya nane kwa arobaini na mbili, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi ya milimita 42, inatosha. Ukubwa zaidi ya hapo mikono inatetemeka.

Hivi ndivyo nilivyoandika siku ile, na sijabadilisha neno:

"Saa 3:10 hadi 3:45 asubuhi. Mkuyu mkubwa, korongo kavu. Hatua 52. Jua nyuma yangu, mawingu hakuna, upepo mwingi. Njiwa mmoja, pamoja na ninga 9. Mdomo njano wote. Jicho, duara pana njano. Miguu njano (mtoto kaona kwanza, mimi 3:32). Kifua zambarau, madoa meupe mpaka tumboni. Kisogo kijivu cheupe. Mkia mweusi, mkanda sikuuona. Karuka mara moja tu. Kiuno: kama cheusi, sina hakika. Hakulia. Pete mguuni hakuna."

Hiyo pete niliitafuta makusudi. Ndege wa mbali anaweza kuwa ametoroka kwa mfugaji. Tazama mguu kama una pete au alama ya kamba, tazama ncha za mkia kama zimelika kwa kusuguana na waya wa banda, na tazama tabia. Ndege anayekuacha usogee hatua kumi bila wasiwasi ana historia na watu. Huyu wangu kila msaidizi akikohoa alikuwa anajificha.

Picha ya simu kupitia darubini inafaa, hata ikiwa na ukungu, ila rangi zake usiziamini mpaka uzipe shahidi. Hapa kazi yangu ilinisaidia. Tunayo ile fimbo ya kupimia yenye vipande vyekundu na vyeupe. Nilimwambia msaidizi aisimamishe chini ya mkuyu, kwenye mwanga ule ule, nikaipiga picha dakika hiyo hiyo kwa simu ile ile. Anayeitazama picha ya njiwa leo anaweza kuilinganisha na fimbo: kama cheupe kimebaki cheupe, basi na njano ni njano. Wewe tumia karatasi nyeupe na kifuniko chekundu cha chupa, kazi ni ile ile.

Huku nyuma mzee mwenye shamba alikuwa ameshatukuta. "Mbukwenyi," akasalimia, lakini macho yako kwenye fimbo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Mwanangu, mmekuja kulikata tena?" Dodoma hii, mtu akiona fimbo yenye rangi anajua shamba linakwenda. Nikamwambia hapana babu, tunatazama njiwa. Akaligeukia gari, akanigeukia mimi. "Njiwa? Na gari lote hilo?" Ilibidi nimpe darubini. Alitazama kwa muda mrefu, akairudisha bila kusema kitu, akaenda kuwafukuza mbuzi kwenye uwele wake. Kwa hiyo jitambulishe kwanza, kabla ya kutoa kifaa chochote, na mjini usiielekeze darubini kwenye kambi, uwanja wa ndege wala geti lenye askari. Nimeshawahi kukaa saa mbili kwenye benchi nikieleza tofauti ya tetere na hua kwa mtu ambaye hakutaka kuijua.

Halafu kuna suala la manati. Njiwa ni kitoweo, na mtoto hana kosa kwa kulijua hilo. Nilimpa yule kijana darubini yangu ya zamani yenye jicho moja bovu, tukakubaliana mkuyu ule ni wake kuuchunga. Mahali penyewe sikumtajia mtu yeyote hadi ndege alipoondoka, zaidi ya yule bwana wa Morogoro, ambaye safari hii alitaka kwanza kujua niliona saa ngapi.

Kumbukumbu ipeleke panapotunzwa. Kuna eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege, ambako ndege asiyetarajiwa atazuiwa kwanza na utaulizwa maelezo, usikasirike, bandika maandishi yako ya porini kama yalivyo, pamoja na ile "sina hakika." Kuna pia Tanzania Bird Atlas, wanaokusanya kumbukumbu za ndege wa nchi hii kwa miraba ya ramani. Andika viwianishi, zile namba za ramani za mahali ulipo, vilivyosomwa na simu ukiwa umesimama hapo, usiandike "Dodoma" tu. Kati ya Dodoma ya Ihumwa na Dodoma ya milima ya Mpwapwa kuna tofauti yote ya hoja hii.

Na urudi. Rudi kesho yake, na keshokutwa, saa ile ile, uandike hata usipoona. Mimi nilimwona siku mbili. Ukurasa wa siku ya nne unasema: "Saa 3:00 hadi 4:30. Mkuyu ule ule, matunda yamebaki ya juu tu. Ninga 4. Njiwa madoa 2, jicho jekundu wote. Yule hayupo. Mtoto anasema jana pia hakuwapo."